Maua Niliyoyakinga na Moto

Nina miaka ishirini tu na tayari nasema "enzi zetu", mnicheke. Lakini ninyi mliokulia Buteba, huku mpakani mwa Uganda, mnaikumbuka Februari yetu: nyasi zimekauka hadi zinakwaruza magoti, mbuga inachomwa ili ng'ombe wapate majani mapya, nasi watoto tunarudi nyumbani tukinuka moshi, midomo myeusi kwa viazi vilivyoivia majivuni. Mvua ya kwanza ikinyesha, kabla nyasi hazijaota, weusi wote ule ulijaa maua ya njano kama nyota.

Nililipenda ua lile kuliko michezo. Sikuwa na wa kunifundisha mimea. Nilikuwa na daftari na wasiwasi. Niliandika: bua halizidi kiganja, lina vinyweleo vyeupe, majani membamba kama ya nyasi, petali sita, njano ndani, kijani nje, hufunguka asubuhi, hufumba adhuhuri. Nilifuta na kuandika upya hadi karatasi ikatoboka. Ila mbegu zake sikuwahi kuziona. Ng'ombe walikanyaga kila kitu mapema. Bila mbegu, maelezo yangu yalikuwa nusu.

Basi mwaka wa Uhuru nilijitengea kipande mteremkoni, nikakwatua nyasi kukizunguka ili moto usifike, nikazungushia miiba. Baba Amoding, jirani yetu wa kabila la Wateso aliyechunga huko na kusema nasi Kiswahili cha mpakani, alicheka mpaka akaegemea fimbo, akinitania kwa daftari langu.

"Wewe mwalimu! Leo nafagia mbuga, kesho natandikia ng'ombe kitanda?"

"Nalinda maua, Baba Amoding."

"Haya, linda."

Mvua ilikuja. Mteremko mzima ukawa njano, isipokuwa kipande changu: nyasi kuukuu tu, kijivu. Niliamini nimeyaua. Siku tatu nilirudi kutazama. Ya nne, Baba Amoding alinikuta nikilia. Hakucheka. Alichimbua kwa ncha ya fimbo, akapasua tunguu dogo la ua, mfano wa kitunguu. Ndani lilikuwa njano, lenye maji.

"Ona, iko mzima. Nyasi nzee nafunika yeye, hapana ona jua. Mwaka kesho leta moto."

"Na nikichoma yakafa?"

"Mwalimu, hizo ingine zote nani alichoma? Si mimi?"

Mwaka uliofuata nilishika kijinga cha moto, nikachoma kipande changu mwenyewe, kisha nikarudisha miiba. Yalitoka maua kumi na saba. Vifuko vyake vya mbegu vilifunguka kama chungu kilichoondolewa kifuniko, na ndani mbegu nyeusi, ndogo, zinazong'aa. Nililia tena.

Siku hizi sehemu kubwa ya mteremko imelimwa pamba, na wadogo zetu wanapita wakitazama viatu vyao, wanaogopa majivu. Sisi tuliyavaa kama soksi. Lakini ukingo wa juu, jembe lisikofika, bado unachomwa, na Februari hii mdogo wangu Nekesa aliniomba awashe yeye. Nilianza kumweleza namna ya kushika, upepo unakotoka, asimame wapi. Kisha nikampa kijinga tu.