Birika na Mchenza Wake

Mtaa mzima ulimwita Birika, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mkono wake ulikuwa wa birika kwelikweli: ukimwomba chumvi, atataka kwanza kujua unapika chakula kingi kiasi gani. Mumewe alifariki akamwachia nyumba ya vyumba viwili, kuku wachache na mchenza mmoja uani, na katika vyote hivyo alichokipenda kama roho yake ni mchenza.

Tusimseme sana, jamani. Msimu ule ulikuwa mbaya. Mvua ilichelewa, na ilipokuja ikaja na upepo, maua yakapukutika kabla hayajashika tunda. Tena juu ya hayo ugonjwa ukaingia kwenye bustani za bondeni: majani yanageuka manjano, matunda yanabaki madogo, yamepinda upande, na ukiyaonja ni machungu kama shubiri. Bibi shamba alipita akifunga kitambaa chekundu kwenye kila mti ulioumwa, maana yake ukatwe na uchomwe kabla vidudu havijaupeleka ugonjwa kwa jirani. Katikati ya msiba huo mchenza wa Birika, aliounywesha maji ya kusuuzia nguo kiangazi chote, ulizaa mpaka matawi yakaegemea ukuta.

Taabu ilikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyekaa nyumba ya pili. Kila asubuhi alikuja kumjulia hali.

"Shemeji, umeamkaje?"

"Salama, shemeji. Teremsha macho, mimi niko huku chini."

"Nataka nionje moja tu. Nijue kama yameiva."

"Yakiiva nitakuita."

Hakumwita. Lakini maganda yalikuwa yakionekana nyuma ya banda, na kuku hawamenyi machenza. Birika alikwisha kuongea na mnunuzi wa sokoni, akamwahidi mti mzima, bila pengo hata moja. Basi akaingia ndani, akachukua shimizi yake kuukuu nyekundu, akauchana upindo wake wa lesi, akaufunga kwenye shina la mchenza.

Dawa ikafanya kazi papo hapo. Shemeji alipokuja kesho yake alisimama mlangoni kama aliyeona nyoka.

"Maskini! Na mchenza nao umepatwa?"

"Ndiyo hivyo, shemeji." Birika alijifuta jicho kavu. "Tufanyeje?"

Shemeji akanawa mikono bombani, ingawa hakuwa amegusa kitu, akaondoka akiambaa ukuta. Birika aliingia jikoni akacheka mpaka uji ukaungua.

Kilichomponza ni wema wa watu. Shemeji alikuwa na miche yake ya michungwa na aliihofia, tena alimwonea Birika huruma, mjane wa watu, nani atamkatia mti? Akaenda mwenyewe kumwita bibi shamba.

Bibi shamba akaja na wanaume wawili, msumeno na dumu la mafuta ya taa. Nyuma yao ulikuja nusu ya mtaa, kwa sababu siku ya kukatwa mti wa mwenzako hakuna mwenye kazi. Birika alikuwa akichambua mchele. Aliposikia msumeno unagusa gome, ungo ulimponyoka.

"Ngojeni! Huo mti ni mzima!"

"Mama, kila mwenye mti husema hivyo," bibi shamba alimjibu kwa upole. "Kitambaa si hicho?"

"Kitambaa si chako."

"Ni cha nani basi?"

Birika alimtazama shemeji, akautazama msumeno. Aibu itapoa, alijiambia, lakini mti aliupanda marehemu, na ukishaanguka hausimamishwi. Akaingia chumbani, akatoka na shimizi isiyo na upindo, akaiinua mbele ya watu wote.

"Ni changu! Nimekichana hapa! Nilikifunga ili huyu bwana asinimalizie machenza!"

Uani pakalipuka kicheko. Bibi shamba akalinganisha lesi na lesi, uso ameukaza asicheke. Lakini kazi ni kazi.

"Kitambaa nimekubali. Mti bado. Ukiwa mgonjwa, matunda yatakuwa machungu. Tuonje."

Akachuma moja, akamenya, akala. Akachuma la pili. "La upande wa jua ni tamu," alisema. "La kivulini sijui." Wenye msumeno nao wakasema lazima waonje, isije kuwa lawama. Bibi mmoja jirani akadai tawi la ukutani halijapimwa. Shemeji alikataa kwanza, eti yeye hali ugonjwa. Alipoona wenzake wanalamba vidole, akapanda mtini kupima kileleni. Na Birika angesema nini? Kila aliyetafuna alikuwa shahidi wake, na msumeno ulikuwa bado umeegemezwa kwenye shina. Alihesabu maganda tu, roho inamuuma.

Mti ulipobaki majani matupu, bibi shamba alifungua kitambaa akamrudishia mwenyewe.

"Mzima kabisa, mama. Hongera."

"Mbona yeye mwenyewe hajaonja?" shemeji aliuliza kutoka juu. Akashuka na la mwisho mkononi. "Shika, shemeji. Au una wasiwasi nalo?"

Watu wote wakamtazama. Ukweli ni kwamba Birika, miaka yote ile, hakuwahi kula chenza zima la mti wake. Mazuri yalikwenda sokoni. Yeye alijilia yaliyooza upande, akikata pabaya kwa kisu. Akalimenya polepole, akatia kipande mdomoni, akafumba macho.

"Kumbe!" alisema, na machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Ndiyo maana mnaniibia."

Akalimaliza lote, akajifuta kidevu, akanyoosha mkono.

"Lete lingine."

"Yamekwisha, shemeji."