Bado Si Mwenyewe

Siku seremala alipomwona mchoraji kwa mara ya kwanza, mwanamke yule alisimama mlangoni pa karakana, kidole kimoja kikiwa cha bluu mpaka kwenye kiungo, akauliza kama hapa wanatengeneza fremu isiyo na kioo wala mgongo.

"Ya dirisha?" seremala akauliza, macho yamebaki kwenye randa.

"Ya mtu," akajibu mchoraji.

Seremala alikuwa mtu wa haya kupindukia. Mtaa mzima ulimwita Kimya. Mteja aliagiza kabati, akaitikiwa kwa kichwa, na kabati likaja. Mazungumzo yakaishia hapo. Alikuwa ameishia shule ya msingi, akaingia kwenye mbao, na mbao hazikumtaka aongee. Kwa hiyo hakuuliza mtu gani anakaa kwenye fremu bila kioo. Aliitengeneza, bapa, pembe zimekaa barabara. Kesho yake mchoraji akairudisha.

"Fundi, ni nzuri, lakini itaniponza. Kingo za ndani zinagusa kitambaa cha kuchorea. Nikipaka rangi, mstari wa mbao utajitokeza, mtu wangu aonekane amefungwa kamba ya shingo. Zilaze kidogo, zielekee nyuma."

Akazilaza kwa randa, na moyoni akafurahi. Wateja wake wote walikuwa wanaangalia mbele ya kitu tu. Huyu alijali na nyuma yake. Akaamua kumpelekea mwenyewe.

Mchoraji alikuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya duka la fundi cherehani, yeye na mama yake mzee. Riziki yake ilitoka kwenye mabango ya maduka. Watu aliwachora kwa mapenzi yake. Chumba cha mbele kilinuka tapentaini, na picha zilizokuwa ukutani zote zilikuwa zimegeuzwa, kama watoto walioadhibiwa. Seremala alizitupia jicho.

"Nikizitazama kila siku nazizoea," mchoraji akamwambia. "Na nikizizoea, makosa yanajificha."

Yule mama alikuwa ameketi karibu na mlango wa ndani. Seremala aliinama ili fremu isigonge kizingiti, na alipoinuka akamkuta mzee anamtazama, kichwa kikienda upande huu na upande ule, kama anayechungulia kwenye bomba.

"Huyu," mama akasema. "Umbo la baba yako hili hapa. Mabega yale yale. Mkalishe huyu."

Ndipo seremala akaelezwa. Baba wa mchoraji alikuwa fundi baiskeli, na alifariki binti yake akiwa bado anabebwa mgongoni. Ilikuwepo picha yake moja tu, ya siku ya ndoa, nayo iliingia unyevu ikagandana na kioo. Walipojaribu kuibandua, uso ulibaki vipande vipande. Sasa mama alikuwa na presha ya macho. Daktari alikuwa amewaambia waziwazi kwamba kilichokwishapotea hakirudi, na kilichobaki kinapungua. Binti alitaka kumchora baba yake kwa rangi za mafuta wakati mama bado anaweza kusema ndiye au siye. Baada ya hapo hapatakuwa na wa kumwuliza.

"Utanikalia, fundi?"

Ardhi ingepasuka, seremala angeshukuru. Kutazamwa! Lakini hakuwahi kujifunza kukataa, maana kukataa kunahitaji maneno. Akaitikia kwa kichwa.

Basi kila Jumapili alasiri alikaa kwenye kigoda mbele ya dirisha, mikono magotini, uso mbele, kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Fundi cherehani alikuwa anamngojea dirishani kwake.

"Haya, Kimya wetu anakwenda kutazamwa! Umeoga, lakini? Umejipaka mafuta?"

"Niache, dada."

"Ametoa maneno mawili! Jamani, mwandikieni!"

Hata leo, ana mvi kichwa kizima, akifungua kopo la tapentaini anaona chumba kile. Anamwona mchoraji akipaka kitambaa gundi, kisha rangi nyeupe, akikisugua kwa msasa hadi kiwe laini kama shavu. Anamwona akimchora kwa mkaa, halafu akipita juu yake kwa rangi ya kahawia iliyotiwa tapentaini nyingi, nyepesi kama chai ya mgonjwa. "Chini nyepesi, juu yenye mafuta," alikuwa akisema huku akichanganya rangi kwenye kibao. "Ukigeuza, ya juu inakauka kabla ya ya chini, na mtu wako anapasuka uso." Alikuwa anasema na rangi zake kuliko na mtu, na kwa sababu hiyo seremala alistarehe.

Mwisho wa kila kikao mama aliongozwa hadi kwenye picha. Aliisogelea karibu kuigusa, akaipitia kipande kwa kipande, jicho, pua, mdomo, kwa sababu yote kwa pamoja haikuingia tena machoni mwake. Halafu akatoa hukumu.

"Bado si mwenyewe."

"Si mwenyewe wapi, mama? Pua?"

"Pua ni yake."

"Macho?"

"Macho sina ugomvi nayo."

"Sasa ni nini?"

"Ningejua, si ningechora mimi?"

Mchoraji alichukua kisu chake butu akaukwangua uso wote ungali mbichi, akaufuta kwa kitambaa. Kikabaki kivuli hafifu cha kuanzia Jumapili nyingine. Seremala alipotoka alijipapasa mashavu bila kujua.

"Leo umepona au umekwanguliwa?" fundi cherehani akauliza.

"Nimekwanguliwa."

"Pole. Hata mimi kwenye picha ya harusi yangu si mwenyewe, na hakuna aliyenikwangua."

Ikaenda hivyo, Jumapili baada ya Jumapili, na kila mara mama alichukua muda mrefu zaidi kuumaliza uso ule mmoja. Siku moja alipitisha kikombe nje ya ukingo wa meza kikavunjika. Mchoraji aliokota vigae, lakini siku hiyo hakuweza kuchora. Alikwenda nyuma kuwasha jiko.

Seremala aliona aibu kukaa bure. Stendi iliyoshika picha ilikuwa na mguu unaolegea, akapiga goti, akawapa mgongo, akaanza kukaza skrubu. Mama aliyekuwa pale kwenye mlango wa ndani alitaka kumwambia chai imeiva. Labda kwa kuzoea, labda kwa kusahau, alimwita kwa sauti ambayo seremala hakuwahi kuisikia kwake, sauti ya mwanamke kijana mwenye nyumba yake.

"Bwana we! Chai inapoa!"

Seremala aligeuza kichwa, mikono ikiwa bado kwenye skrubu.

Mama akasema polepole, "Rudi ulivyokuwa. Nikuite tena."

"Mama?" seremala akauliza.

"Rudi, mwanangu! Bwana we! ... Hapana, umegeuka mno. Usigeuke mzima! Yeye alikuwa ananipa nusu ya uso, nusu anaiachia gurudumu. Nyusi moja juu. Kama anayesema, nakuja, na haji."

Mchoraji alikuwa amesimama na birika mkononi. "Mama," akasema, "kumbe hukuwahi kumwona amekaa."

"Akae saa ngapi? Watu wanataka baiskeli zao."

Jioni ile ile seremala alifungua karakana akaunganisha fremu nyingine, pana zaidi, ya kumtosha mtu aliyeinama. Kingo alizilaza bila kuambiwa. Mchoraji alianza upya: mgongo, bega, magoti, na mikono iliyoshika gurudumu, yote kwa mistari ya kahawia. Halafu akasema wasubiri tabaka la chini likauke ndipo aongeze lenye mafuta.

"Macho yangu yana haraka kuliko rangi yako," mama akamwambia.

Mchoraji aliitazama picha, akamtazama mama yake. Yaliyobaki akayaacha kama yalivyo, akaamua kuuchora uso peke yake, mbichi juu ya mbichi, kwa kikao kimoja, mama akiwa amekaa ubavuni kwake. Seremala alipiga goti tangu asubuhi, shingo imegeuka nusu. Kila alipoanza kuchoka na uso ukamshuka, mama alimwita, naye akageuka tena, na kila mara ilikuwa kweli, maana hakujua ataitwa lini. Hakuona haya hata kidogo. Hilo amelifikiria mara nyingi tangu hapo. Ndiyo siku pekee ambayo watu wawili walimtazama kutwa nzima asitamani kujificha.

Mwanga ulipoanza kuwa wa manjano, mchoraji alirudi nyuma hatua chache. "Njoo, mama."

Mama alisogea. Alianzia sikioni, akapita shavuni, akafika kwenye nyusi iliyoinuka, akakaa hapo. Mchoraji alikuwa ameshakishika kisu. Mama akaweka mkono kiunoni.

"Na chai imeshapoa, ujue," akauambia uso ule, kwa ukali kabisa.

Mchoraji akakiweka kisu chini.

Mikono haikuwahi kuchorwa. Mama aliugua wiki ile, na alipoinuka kitandani aliuliza kwa nini hawawashi taa, na ilikuwa asubuhi. Baada ya miezi kadhaa kaka mkubwa wa mchoraji, ambaye naye alikuwa mdogo mno kuikumbuka sura ya baba, aliagiza wahamie kwake, huko kuliko na watu wa kusaidia kumwangalia mzee. Siku hizi katika chumba kile wanatengeneza simu, na dirisha kubwa limezibwa kwa matangazo.

Seremala alitengeneza sanduku la mbao la kusafirishia picha. Aliifunga mwenyewe, na kabla ya kupigilia kifuniko akaitazama: uso uko hai, unakaribia kujibu, na chini yake mikono ya mistari mitupu, imeshika gurudumu ambalo nalo ni mistari. Mama alikuwa ameshakalishwa mbele kwenye lori, kitambaa kizuri kichwani. Fundi cherehani alikuwa analia na kucheka pamoja. Dereva aliwasha injini.

Seremala alipiga moyo konde. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu usiku.

"Dada, nikukalie kwa ajili ya mikono? Hata huko nitakuja. Jumapili hazina kazi."

Mchoraji alimtazama jinsi alivyozoea kumtazama, halafu akaweka kiganja juu ya sanduku.

"Nikikukalisha, fundi, nitachora mikono yako, si ya baba. Na mama hawezi tena kunikatalia."