Nikizungumza sauti inakatika, nikiimba inatoka: siku niliyotakiwa kusema "Nimekubali" mbele ya watu

Wakuu wa baraza ya msikitini, na nyie wa kule mitumbwi inakofungwa, salaam.

Naandika kwa sababu nikija kuwasimulia kwa mdomo, jua litazama sijafika katikati. Karatasi hii mpokezane, asiyejua herufi asomewe. Chumvi sijaongeza hata punje. Wapiga kasia wenzangu wapo, waulizeni.

Wengi hapa Kindu mnanijua kwa kuimbisha. Mimi natoa wimbo, wenzangu ishirini wanaitikia "Eee!", kasia zinashuka pamoja, tunapanda mto mpaka Nyangwe.

Masika saba yaliyopita niliamka sauti imeharibika.

Si mafua. Nikitaka kusema, koo linabana, neno linatoka vipande vipande kama mtu anayekabwa. Hata salamu ilinitoa jasho.

Lakini nikicheka, sauti safi. Nikiimba, sauti ileile ya zamani!

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Bubu mngemhurumia. Mimi mkaniita mwongo.

"Uyu anatucheza," alisema mmoja wenu, jina lake namsitiria. "Mu mutumbwi sauti iko, mu soko sauti haiko?"

Wengine wakasema ni pepo anayependa ngoma. Mama akaninywesha kombe, yale maji ya aya zilizooshwa sahanini, na asali, na majani machungu ambayo mpaka leo sijui yalikuwa nini. Kilichobadilika ni tumbo tu.

Wakuu, niliumia. Nililia kama mtoto, tena si mara moja.

Nikaanza kujifunga kitambaa shavuni, nikijifanya jino linauma, ili watu wasinisemeshe. Jino moja, miaka miwili! Na mlikuwa mnanipa pole. Sokoni nilionyesha kwa kidole. Kuna siku nilipimiwa pilipili badala ya karanga, nikazichukua kuliko kueleza.

Sasa, Mwamini. Binti wa mzee mmoja mkulima wa mpunga, alikuwa akiuza vitumbua pale mitumbwini.

"Kaka," akaniuliza siku moja huku anacheka, "iyi jino yako haiponaka?"

Nikajaribu kumjibu. Neno likanasa. Nikangoja acheke tena.

Akafunika vitumbua vyake, akakaa chini. "Sema tu pole pole. Mie siko na haraka."

Kitambaa kile nilikitupa mtoni jioni hiyohiyo.

Mjomba akanipelekea posa. Baba yake Mwamini akakubali, ila kwa sharti.

"Sitamupa mutoto wangu muntu wa kutikisa kichwa," alisema. "Siku ya ndoa aseme yeye mwenyewe, wote tusikie. Akishindwa, tunakula wali, kila muntu anarudia kwake."

Neno moja tu wakuu. Nimekubali. Nilijizoeza mwezi mzima mbele ya mbuzi wa mama. Likitoka mara moja, linakwama mara tisa.

Siku ikafika. Nyumba imejaa, wapiga kasia wangu wamebanana uani. Mwalimu anayefungisha ndoa akaniuliza kama nimemkubali Mwamini kwa mahari tuliyopatana.

"Ni—"

Koo likafunga. Nikarudia.

"Ni—"

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Baba yake Mwamini akaanza kukusanya kanzu yake ainuke. Niliona Mwamini wangu ananiponyoka hivihivi, na mchele wa watu unaiva jikoni.

Basi nikaacha kupigana na lile koo. Nikafumba macho, nikavuta pumzi kama tunavyofanya mtumbwi ukitoka ukingoni, nikaimba:

"Nimemukubali Mwamini eee, kwa mahari tuliyopatana!"

Na wale wenzangu uani hawakujiuliza. Miaka yote hawajaacha wimbo wangu bila kuitikia, wangeanzaje siku hiyo? Watu ishirini kwa pamoja:

"EEE!"

Kuku waliruka mpaka kwa jirani.

Mwalimu aliweka sawa kofia yake. Kisha akasema maneno yote yamo, na yeye hajasoma popote kwamba ni haramu kuyaimba. Akamgeukia mzee. "Baba, umesikia?"

Mzee akaketi tena. "Nimesikia. Na ngambo ya mutoni wamesikia."

Wakuu, nilijivuna siku ile, na bado najivuna. Niacheni nijivune.

Msidhani nilipona. Asubuhi ya leo nimemsalimia jirani, akamaliza kufagia uwanja kabla sijamaliza kumuuliza habari za watoto. Sioni aibu tena. Zamani nilikuwa nangoja nipone kwanza ndipo niishi, na hilo ndilo lililonila miaka, kuliko koo lenyewe.

Hapo chini nimeacha nafasi. Aliye na ndugu mwenye sauti kama yangu aandike wanaishi naye vipi. Na wewe uliyeniita mwongo, andika pia, wino upo.

Mkipita kwetu kupiga hodi, vitumbua vipo. Msiondoke haraka mlangoni. Jibu langu linachelewa, lakini linakuja, na ni mimi mwenyewe ninayelitoa.