Kibanio cha Mlangoni

Mtaa mzima walimwita Bi Koleo, na wala hakuchukia. Alitengeneza simu kwenye kibanda hatua mia mbili kutoka kwao, na simu iliyomshinda yeye, haki ya Mungu, ilikuwa imemaliza kazi yake duniani.

Kilichomshinda ni mama yake mzazi. Bibi wa watu alikuwa ameanza kupoteza kumbukumbu, na mara mbili mwezi ule alifungua mlango akajiondokea zake. Mara ya pili lori lilimkosakosa. Kaka mtu akaja juu.

“Ikitokea tena, nanunua kufuli. Namfungia kwa nje.”

“Kumfungia mama kama mbuzi? Kaka, una akili kweli?”

“Basi nipe njia nyingine, wewe bingwa wa nyaya.”

Yalimchoma, maana njia hakuwa nayo. Kushinda nyumbani hakuweza. Kibanda ndicho kilichowalisha. Siku mbili alichokonoa vikorokoro vyake, hadi akakumbuka tabia ya simu za vitufe za zamani: ukibonyeza na kushikilia kitufe cha hedifoni, simu inapiga yenyewe namba iliyopigwa mwisho. Ala! Na nani alisema lazima kitufe kibonyezwe kwa kidole?

Akachukua simu moja ya aina hiyo, akapiga namba yake mwenyewe iwe ya mwisho, kisha akachukua kibanio cha nguo. Kila mdomo akauvika waya mmoja kutoka kwenye kitufe kile, katikati akabanisha kipande cha kadi, kadi akaifunga mlangoni kwa uzi. Mlango ukifunguka, kadi inachomoka, kibanio kinauma, nyaya zinagusana, simu inampigia yeye. Maikrofoni ya hedifoni akaiacha ikining'inia hapo hapo. Kaka alipoona alicheka mpaka akashika mbavu.

“Na nguo umeanika wapi?”

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, mteja akiwa amesimama mbele yake, simu ikaita. Bi Koleo akapokea huku anainuka, na akamsikia mama yake, sauti safi kabisa, akijisemea mlangoni: “Saa tisa hii. Mwanangu atatoka shule asinikute getini, atalia.”

Kumbe mara zote mbili mama alikuwa anakwenda kumchukua yeye!

Alimwacha mteja kaduwaa, akatoka mbio, akamkuta mama ukingoni mwa barabara anachungulia magari. Bibi alimtazama kama anavyotazamwa mpita njia.

“Dada, watoto wa shule wameshatoka?”

Iliuma, jamani, asikudanganye mtu. Lakini akampa mkono. “Wanatoka sasa hivi, mama. Twende nikusindikize.”

Wakasimama getini mpaka mtoto wa mwisho akapita, kisha binti akamwambia mama kwamba wake ametangulia nyumbani. Jioni akampasha kaka yake habari zote: kufuli asinunue, kuanzia kesho kibanda kitafungwa saa nane na nusu na kufunguliwa saa kumi, ili mama asindikizwe getini. Kaka alifuta macho kwa kiganja. Halafu akauliza zamu yake itakuwa siku zipi.

Kesho yake waliongozana tena, mama na binti. Wakati wa kurudi mama alimgeukia.

“Una roho nzuri wewe. Mama yako yupo?”

“Yupo,” alijibu, akambadilishia upande asitembee karibu na magari.