Maharagwe Yaliyokua Usiku Mmoja

Mwalimu wa darasa la kwanza waliyemwita Kengele, kwa sababu sauti yake ilifika kabla ya miguu, alikuwa na hasira za aina mbili. Zile za kila siku, za chaki mbovu na madawati yanayochana sare, alikwisha kuzizoea kama kikohozi. Hizi nyingine zilizaliwa Alhamisi asubuhi.

Jumatatu watoto walipanda maharagwe kwenye makopo ya maziwa. Wengi walikuwa bado wanagombana na herufi, kwa hiyo kila mmoja alichora alama yake kwenye kopo: jua, kitana, kandambili. Jumanne wakachora walichokiona, yaani udongo. Kalamu za kahawia zikaisha darasa zima. Jumatano msichana waliyemwita Kidole, maana mkono wake haujashuka tangu shule ifunguliwe, akafukua la kwake.

"Ticha, limevimba! Ganda limepasuka!"

"Nani kakutuma ufukue?"

"Nilitaka kujua kama limekufa."

Kengele alitaka kumgombeza, akajikuta amepiga magoti. Darasa zima likaja kuchungulia, vichwa vikigongana kama sufuria kapuni. Haragwe likarudishwa udongoni kwa heshima zote.

Mchana ule mwalimu mkuu akapita dirishani. Walimu walimwita Chokaa, kwani akisikia harufu ya mgeni hupaka nyeupe kila jiwe lisiloweza kukimbia.

"Wageni Ijumaa," alisema, akiyatazama makopo kama mtu aliyeona panya harusini.

Alhamisi wakakuta dirishani miche ya kijani kutoka kitalu cha jirani, kwenye makopo mapya, yote kimo kimoja kama askari wa gwaride. Baadhi ya watoto walipiga makofi. Kidole alikagua kopo moja moja.

"La kwangu lina kandambili. Liko wapi?"

"Si hilo hapo, mwanangu," Chokaa alijibu kutoka mlangoni, meno yote nje. "Limekua usiku. Kesho mtasema wote: tulipanda Jumatatu, tukamwagilia, yakaota. Haya, semeni!"

Wakasema. Kidole hakusema. Aliutazama mche, akamtazama Kengele.

"Ticha, kwani jana niliona vibaya?"

Ukweli ni kwamba Kengele hakumjibu. Alimfuata Chokaa hadi ofisini, na safari hii miguu ilitangulia sauti.

"Umemwambia mtoto macho yake ni mabovu."

"Usinikuzie mambo. Wageni hawaji kutazama udongo."

"Makopo yao yako wapi?"

"Jalalani, nyuma ya choo. Na nikwambie, mwalimu: wanaolitaka darasa lako wamejaa tele. Kesho watoto waseme vizuri, la sivyo Jumatatu unahamia stoo ukalinde mafagio."

Jioni mdogo wake Kengele, fundi cherehani, alimsikiliza huku akikata uzi kwa meno.

"Dada, meza tu. Uongo wa maharagwe haujaua mtu."

"Kamwambie Kidole."

"Kidole ndiye nani?"

"Ndiye pekee aliyesoma wiki hii. Na mimi nilimwangalia nikanyamaza kama gogo."

Ijumaa wageni waliletwa darasani kwa tabasamu kubwa. Miche ilikuwepo, mtoto hata mmoja hakuwepo. Chokaa akafuata kelele hadi nyuma ya choo. Darasa zima lilikuwa limechuchumaa jalalani, Kengele katikati yao, magoti meusi, kila mmoja akitafuta alama yake. Haragwe la mwenye kitana lilikuwa limeoza, linanuka, na mwenyewe alilitembeza kwa wenzake kwa fahari. Mengine yalikuwa yametoa shingo nyeupe zilizopinda. Kidole alikuwa bado anapekua.

"Watoto, simameni!" Chokaa alibweka. "Waambieni wageni. Tulipanda lini?"

"Jumatatu," alisema mwenye kitana, "halafu wewe ukatupa."

Mgeni mmoja alikohoa. Mwingine akakunja suruali, akachuchumaa kuangalia lililooza. Chokaa akamsogelea Kengele, sauti chini, mshipa wa shingo juu.

"Jumatatu darasa hili si lako."

"Basi leo bado ni langu," Kengele alisema, kwa sauti ile ya kufika kabla ya miguu. "Inua mguu. Umekanyaga kopo la mtu."