Redio Katika Banda la Maombi

Shemeji yangu Vasta hakupenda kuitwa mtu wa maendeleo. Jina hilo, alisema, lilikuwa la watu wenye magari. Yeye alikuwa mwalimu wa darasa la sita katika shule ya kanisa la Kiprotestanti kwenye mteremko mmoja wa Bwera, mke wa kaka yangu Erifazi mkulima wa pamba, na mwanamke aliyecheka kwa sauti hata kanisani. Nimejaribu zaidi ya mara moja kuandika habari zake, nikaacha. Kalamu yangu imezoea taarifa za mikutano, nayo humfanya mtu yeyote aonekane kama azimio lililopitishwa. Safari hii nitashika jambo moja tu, nalo ni jinsi alivyokaribia kunyang'anywa redio.

Redio hiyo ililetwa mwaka wa 1967 na Bwana Zedekia, msimamizi wa masomo ya redio, aliyekuja kutoka Kasese kwa pikipiki huku ameifunga kifuani kwa kanga kama mtoto mchanga. Masomo ya Kiingereza yalitangazwa kutoka Kampala asubuhi ya Jumanne na Alhamisi, saa mbili na nusu. Kwa shule kama ile hiyo ilikuwa neema. Vitabu vilikuwa vichache, na Vasta mwenyewe alikuwa amejifunza lugha hiyo kwa mwalimu aliyejifunza kwa mwalimu mwingine, mpaka ikamfikia imechakaa kama shati la kurithi.

"Redio ni chache, mama, na shule ni nyingi," Bwana Zedekia alimwambia. "Kabla muhula haujaisha nitapita bila kutoa taarifa. Nikikuta nusu ya darasa haisikilizi, ninaipeleka kwingine. Usinichukie."

"Nitakuchukia kidogo tu," Vasta akajibu.

Akaanza kazi kwa bidii ya mtu aliyeonywa. Kila siku ya somo aliandika maneno magumu ubaoni mapema, akaanika betri juani ili zirudishe nguvu, kisha akafunga mlango, kwa maana sauti ya Kampala haikurudia neno kwa ajili ya mtu aliyekuwa akitafuta pa kuketi. Na hapo ndipo shida ilipoonekana. Nusu ya darasa lake walikuwa watoto wa wakimbizi wa Kikongo, Wakatoliki kutoka Beni na Butembo, waliokaa chini kabisa, karibu na barabara ya mpakani. Watoto hao walifika kila siku wakati somo la redio limekwisha. Walifika pamoja, wamenawa, hawahemi, wala hawana dalili ya aibu.

Kabla ya redio Vasta hakujali sana. Alikuwa akiwangoja. Lakini redio haikuweza kuwangoja. Aliwakaripia, akawasimamisha nje, akawatuma na maneno kwa wazazi wao. Hakuna kilichobadilika. Hatimaye msichana mmoja, Jeanine, alimjibu kwa upole uliomuudhi kuliko utovu wa adabu:

"Lakini mwalimu, sisi hatujachelewa. Tunatoka tu maombi yakiisha."

Jumatano moja Vasta akamwachia mwenzake darasa, akateremka kwenda kujionea. Aliwakuta watu wote wa mtaa ule, wakubwa kwa wadogo, chini ya banda la mabati ambalo siku ya soko lilitumika kuuzia samaki wa chumvi kutoka Kahendero. Mbele yao alisimama Sosthène, mfanyabiashara wa samaki hao na baba yake Jeanine, akiongoza sala huku akiitazama saa ya mkononi. Vasta alikaa nyuma mpaka "Amina." Lugha ya huku na ile ya Butembo ni ndugu, wangeweza kuelewana bila shida, lakini Sosthène alikuwa na desturi ya kusema Kiswahili na kila mtu asiyekuwa wa nyumbani kwake.

"Karibu, Madamu Mwalimu. Umekuja kusali na sisi, ama umekuja kutupiga fimbo?"

"Fimbo nimeisahau. Baba Jeanine, saa yako inasema nini?"

"Saa moja na robo."

"Huku kwetu ni saa mbili na robo."

"Najua. Mimi niko na macho." Akaifunika saa kwa kiganja. "Hii ni saa ya Butembo. Siisogezi."

"Kwa sababu mtarudi?"

"Kurudi, Mungu njo anajua. Sikia. Mama yangu alibaki kule. Hana miguu ya kukimbia. Siku tunaachana tulipatana: kila siku saa moja ya kule, yeye anapiga magoti, na sisi tunapiga magoti. Barua haipiti. Mutu hapiti. Ile saa moja tu ndiyo inapita. Sasa unataka niseme na batoto waombe mbele ya saa, peke yao, bibi yao akipiga magoti wao beko wanaandika a-e-i-o-u?"

Vasta aliniambia kwamba alikuwa ameandaa hotuba nzima njiani, yenye faida za elimu na mustakabali wa watoto, na kwamba hakuitoa. Aliketi tena kwenye benchi. Martine, mkewe Sosthène, akamletea chai, naye akainywa yote.

"Baba Jeanine," akasema mwishowe, "hiyo redio yangu nayo inafanya kazi hivyo hivyo. Saa ile ile, watoto wa Kasese wanaisikia, wa Munkunyu wanaisikia, wa Kampala wanaisikia. Wote pamoja, hawaonani. Hakuna aliye peke yake."

"Basi ni maombi."

"Ya Kiingereza."

Sosthène akacheka, na banda zima likacheka naye, hata waliokuwa hawajasikia. Lakini kicheko hakikufupisha njia. Kutoka bandani mpaka shuleni kulikuwa na bonde la kushuka, mto wa kuvuka na mteremko wa kupanda, na robo saa iliyobaki haikutosha hata kwa mbuzi. Vasta alipokuwa akipanda kurudi, huku viatu viko mkononi, ndipo alipoona kwamba katika yote matatu, yaani sala, watoto na redio, kulikuwa na kimoja tu chenye mpini wa kubebea.

Mwalimu mkuu, Yonasani, alipoambiwa kwamba redio itashushwa bandani, alishika kichwa. Katika miaka ile Mkatoliki na Mprotestanti wa kwetu waliweza kununua chumvi duka moja, lakini kusomesha watoto chini ya paa moja la sala lilikuwa jambo jingine.

"Redio ya serikali, ndani ya banda la Wakatoliki! Mchungaji atasema nini?"

"Atasema linanuka samaki, mwalimu. Nimelinusa."

"Na watoto wetu?"

"Wetu watateremka nami asubuhi. Wao hawana ahadi na mtu wa ng'ambo."

Yonasani akakubali kwa namna ya wakubwa wengi: alisema hajasikia lolote. Tangu Alhamisi ya wiki hiyo, kila siku ya somo, watoto wa mteremkoni waliteremka na ubao mdogo, wakangoja nje mpaka sala ikome, kisha wakabanana na wenzao kwenye mabenchi. Vasta aliitundika redio kwenye msumari wa mizani ya samaki. Wanawake waliokuwa wakiondoka baada ya "Amina" wakaanza kuchelewa kuondoka. Martine ndiye aliyebaki wa kwanza, akijidai anafagia. Baadaye hakuna aliyejisumbua kushika fagio.

Bwana Zedekia alikuja kama alivyoahidi, bila taarifa, akakuta darasa la sita ni tupu na mahali pa redio pamebaki vumbi. Yonasani alijaribu kusema hajasikia lolote, lakini mbele ya mtu wa ofisi maneno hayo hayakufaa, ikabidi aongoze njia. Vasta aliwaona wakiteremka bondeni. Somo ndiyo kwanza linakaribia kuanza. Aliniambia kwamba alifikiri kuizima redio na kuificha chini ya magunia. Hakufanya hivyo, na alipoulizwa kwa nini, alisema tu kwamba sauti ilikuwa imeanza.

Bwana Zedekia akaingia, uso umekunjamana kwa jua na hasira. Martine, aliyekuwa karibu na mlango, aliona kwamba mgeni wa heshima hajasalimiwa. Akasimama, akakunja mikono mbele, na kwa Kiingereza kisafi kabisa, kwa kiimbo kile kile cha mtangazaji, akamwambia:

"Habari za asubuhi, wavulana na wasichana!"

Ndivyo redio ilivyofungua kila somo, naye alikuwa ameishika kuwa ndiyo salamu. Watoto wote wakaitikia kwa pamoja. Bwana Zedekia akavua kofia. Kisha akajibu salamu, akatafuta nafasi kwenye benchi kati ya wanawake wawili wauza samaki, akasikiliza mpaka mwisho.

"Kanuni inasema redio ikae shuleni," akamwambia Vasta somo lilipokwisha.

"Najua, bwana."

"Na shule ni nini? Nisaidie, maana nitaulizwa Kasese."

"Sijui, bwana. Mimi nimesomea kufundisha tu."

Akawatazama watoto waliokuwa wakibishana juu ya neno jipya, Wakonzo wa kwetu na Wanande wa Butembo bila mpaka, akatikisa kichwa, akaomba chai. Redio akaiacha pale msumarini. Sosthène alimpa samaki wa chumvi wa kubeba, na alipokataa kwa kuogopa kuitwa mla rushwa, Martine alimfungia mwingine kwa ajili ya mkewe.

Redio ile iliendelea kufundisha katika banda hilo mpaka katikati ya miaka ya sabini, betri zilipoadimika madukani. Wakati huo Jeanine alikuwa amekwisha kufuzu ualimu. Sijui kama kisa hiki kinathibitisha lolote kuhusu elimu na vyombo vyake. Nimekisimulia kwa watu waliosoma zaidi yangu, nao waliniuliza takwimu. Mwaka jana nilimuuliza Vasta ni nini hasa alichofanya. Alikuwa akimenya ndizi mlangoni, na Erifazi amelala kivulini.

"Niliteremka kilima, shemeji," akasema. "Sogeza hilo sufuria."