Mbabula ya Kukimbia Nayo

Fundi wa mbabula, yale majiko ya makaa, wa soko la Butembo alikuwa hauzi kabla mteja hajakimbia nayo kwanza. "Weka ku kichwa, mama. Mutoto ku mugongo. Kimbia!" Waasi wa Wasimba walikuwa wanakaribia, na mteja wake, Mapenzi, alitaka mbabula ya kumpikia mwanawe uji huko porini Kalunguta. Kila aliyoijaribu, fundi aligonga bati kwa kidole chake cheusi. "Iko muzito. Basimba batakufikia. Kamata ile ya kidogo." Ghafla tairi la lori likapasuka. "Bunduki!" mtu akapaza sauti. Soko zima likatawanyika, fundi akiwa mbele, ameshika kwa mpini wa waya mbabula yake kubwa kuliko zote, makaa yanawaka, maharagwe yanachemka juu. Aliporudi, hata mchuzi haukuwa umemwagika. "Papa, nipatie hiyo," Mapenzi akamwambia. "Hii? Hapana, mama! Hii ndjo yangu ya kukimbia."